Kahawa Niliyompa Jaji

Peckham, London
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa, Mwalimu,

Shikamoo. Naomba na nyingine niirudie, shikamoo, maana ya kwanza ni ile ya siku zote, na hii ya pili ni ya kukuomba unisome mpaka mwisho kabla hujavua miwani. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, amekubali kupumzika mchana kama daktari alivyomwagiza, au bado anajifanya hakusikia? Nilisikia upepo umelaza migomba ya upande wa bondeni. Natumaini mmeinua iliyoweza kuinuliwa. Sisi huku tu wazima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha kwenye meza hii.

Simu zako nimeziona, Baba. Zote. Na ule ujumbe wa sauti, kwaya nzima ikimwimbia Koku wimbo wa baraka, na wewe kwenye kinanda nyuma yao, niliusikiliza mara moja tu nikazima simu nikaiweka kwenye droo ya vijiko. Siku hizi nani anaandika barua? Ukiona mwanao ameshika kalamu, ujue mdomo umemshinda. Barua hii anakuja nayo muuguzi mmoja wa kwetu anayeishi Hayes, anarudi Bukoba likizo Jumatano. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asimpe mtu mwingine yeyote.

Niseme kubwa kwanza. Koku ametolewa kwenye mashindano ya piano. Hakushindwa. Ametolewa, na aliyesababisha atolewe ni mimi mama yake.

Sasa tulia nikueleze, maana najua hapo umeshasimama. Bibi Dorothy unamfahamu kwa maneno yangu, yule kikongwe ninayemhudumia. Nilipoanza kumfanyia usafi, Koku alikuwa na miaka minne, sikuwa na wa kumwachia, nikawa naenda naye. Alikuwa akijibanza chini ya piano ya Bibi kama kuku anayekimbia mvua. Siku moja Bibi akamtoa huko chini, akamkalisha kwenye kiti, akaanza kumfundisha, na hakuacha mpaka mtoto alipoingia chuo cha muziki. Leo Koku ana miaka ishirini na saba, na Bibi miguu imekataa kabisa, mimi ndiye ninayemwogesha na kumvika.

Ambalo sikuwahi kukueleza vizuri ni kwamba Bibi alikuwa katibu wa mashindano hayo hayo karibu maisha yake yote ya kazi. Historia yake yote nimeisikia nikimkanda miguu, vipande vipande, kama mtu asikilizavyo redio ya jirani. Yalianzishwa na mjane wa mfanyabiashara wa piano, aliyeachiwa duka zima na hakujua afanye nini nalo. Mwanzoni yalifanyika katika ukumbi wa kanisa usio na moto, baridi ya kukata vidole, na Bibi, msichana aliyetoka kujifunza kupiga taipu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kujaza chupa za maji ya moto ili wapigaji wapashe mikono kabla ya kuitwa. Baadaye wakaanza kuja vijana kutoka nchi za mbali, wakalazwa katika nyumba za watu wenye piano, na majirani wakawa wanagonga kuta kwa hasira. Kuna mwaka majaji walibishana mpaka wakakataa kumpa mtu yeyote nafasi ya kwanza, na aliyepewa ya pili akagoma kupanda jukwaani. Bibi akifika hapo hucheka mpaka nimpigepige mgongo.

Mashindano yenyewe huja mara moja kila baada ya miaka kadhaa, na umri una kikomo. Yakirudi tena Koku atakuwa amekivuka kikomo hicho. Kwa hiyo safari hii ilikuwa ndiyo ya kwanza na ya mwisho kwake, na atakayeshinda huitwa kupiga kumbi kubwa za dunia. Asiyeshinda hurudi kufundisha watoto wa watu wasiopenda kufundishwa, kama anavyofanya sasa kila Jumamosi.

Katika raundi ya kwanza majaji hawamwoni mpigaji. Huwekwa pazia zito jeusi kati yao na piano. Jina halisemwi, husemwa namba tu. Hata zulia hutandikwa toka mlangoni, ili viatu visije vikawaambia kama anayeingia ni mwanamke au mwanamume. Koku alikuwa namba kumi na saba.

Na sasa tufike kwenye kikapu chako. Kile kidogo chenye kifuniko, ulichotutumia mwezi uliopita kikiwa kimejaa kahawa ya kutafuna, aliyoichemsha Mama na majani yake na kuikausha mwenyewe, na ndani kikaratasi chenye mwandiko wako: “Msiende kwa mwalimu mikono mitupu.” Baba, sikuandikii haya kukulaumu. Naandika ili ujue nilitoka wapi. Siku uliyonipeleka shule ya bweni, kabla hata godoro langu halijashuka, ulimtafuta mwalimu mkuu. Ukafungua kikapu kama hicho, akachukua punje, nawe ukachukua, mkatafuna mmesimama. Ukasema, “Mtoto huyu si wangu tena, ni wako.” Na kweli mwalimu yule hakunionea hata siku moja. Kwetu aliyetafuna kahawa yako hawezi kukugeuka. Hilo sikufundishwa na mtu, nimekua nalo.

Siku ya raundi ya kwanza nilitoka kazini moja kwa moja, na sare yangu ya bluu, kikapu mkobani. Koku alikuwa ameshapiga. Nilimsikia kwa nje, mlango ukiwa umefungwa, na nilijua ni yeye. Basi nikaingia korido ya nyuma. Baba, sare hufungua mlango wowote London. Hakuna anayemuuliza mwanamke mweusi mwenye sare anakwenda wapi, wanadhani amekuja kuokota vikombe. Mlinzi alinifungulia mwenyewe na tabasamu juu. Kwenye mlango wa ndani palibandikwa karatasi, “Majaji tu.” Niliisoma. Sitaki kukudanganya kwamba sikuisoma.

Ndani palikuwa na mzee mmoja peke yake, amekaa karibu na dirisha, anasugua macho. Nilipiga magoti kidogo, si sana, kiasi cha heshima. Nikamfungulia kikapu. Nikamwambia, “Mzee, mimi ni mama wa namba kumi na saba. Mtoto huyu ni wenu sasa. Mlezi wake ni ninyi.” Akanitazama, akatazama kahawa, akachukua punje moja kama mtu anayepewa dawa, akaitia mdomoni. Akatafuna. Akasema asante. Nikamwachia kikapu chote mezani. Nilitoka mle, Baba, nikitembea kama mwanamke aliyetoka kupokea mahari.

Jioni yake namba za waliofuzu zikabandikwa, na kumi na saba ilikuwemo. Ndipo nilipokupigia nikipiga vigelegele, na Jumapili wewe ukasimama mbele ya usharika mzima ukatangaza.

Asubuhi baada ya namba kubandikwa nilimweleza Bibi, tena kwa kujisifu. Alikuwa anakula uji wake wa shayiri. Aliweka kijiko chini polepole.

“Ulimpa nini?” akaniuliza.

“Kahawa tu, Bibi. Ya nyumbani.”

“Na ulimtajia namba?”

Nikasema ndiyo. Akanisimulia kisa ambacho katika miaka yote ile hakuwahi kunisimulia. Zamani, Bibi akiwa bado kijana, alikuja kijana mmoja kutoka nchi ya mbali, akifuatana na baba yake. Baba yule alikuwa fundi saa, wala hakuwa tajiri. Alitengeneza saa kwa mikono yake mwenyewe akampa jaji mmoja, kwa shukrani tu, kama fundi anavyojua kushukuru. Mtu akaiona mkononi mwa jaji, akauliza, magazeti yakaandika. Kijana alikuwa ameshashinda. Na Bibi anaapa kwamba alistahili kabisa, hajapata kusikia mikono kama ile tena. Tuzo hawakumnyang'anya. Lakini kila alipokaa kupiga, watu walikuwa wakinong'onezana habari za saa. Mwishowe aliacha kupiga, akaenda kuuza viatu katika mji ambao Bibi hata jina lake hakulijua.

Pazia liliwekwa baada ya hapo. Na sheria ikaandikwa: jamaa wa mshindani akimpa jaji kitu chochote, hata ua, mshindani anatolewa.

“Mimi ndiye niliyeipiga taipu,” Bibi alisema. “Neno ‘ua’ niliongeza mimi. Wenyewe walikuwa wamelisahau.”

Nikakaa kitandani pake, jambo ambalo haturuhusiwi. Nikamuuliza nifanye nini. Nilitegemea anifukuze. Yeye akageuza uso dirishani akauliza, “Kuna aliyekuona?”

“Hakuna.”

“Basi kunywa chai yako. Mimi ni mzee, Adventina. Nataka kumsikia mtoto huyu akishinda kabla sijafa.”

Ndivyo alivyosema, mwenye sheria yake mwenyewe. Nasi tukanyamaza, vikongwe wawili, mmoja wa kweli na mmoja wa dhambi. Siku mbili. Nikiwa kwenye basi nikiona mtu ana saa mkononi, natazama pembeni. Nilijitetea kila namna: nilisema ile si hongo, ni adabu. Ni kweli ni adabu, Baba. Lakini nilipojiuliza kama ningepeleka kikapu kile kwa jaji ambaye mwanangu hapigi mbele yake, jibu nililipata, na sikulipenda.

Siku ya tatu Koku alikuwa amekaa jikoni, vidole vinakimbia kwenye ukingo wa meza kama kawaida yake, mimi nakaanga ndizi. Alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu mdogo. Akaniambia kwa mchanganyo wake ule, “Mama, unajua what I loved? Lile pazia. Nobody knew me. Hawakujua mimi ni nani, sijui rangi, sijui jina gumu. For once, wamesikia mikono tu.”

Unajua amezoea nini. Akimaliza kupiga, watu humfuata wakamwuliza alijifunzia wapi, kwa mshangao, kana kwamba wamemkuta ng'ombe anasoma gazeti. Niliacha ndizi ziungue. Nikamwambia yote, toka sare mpaka punje ya kahawa.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisema, “Mama, please. Sema unatania.” Nikazima jiko. Akasimama. Kisha akasema Kiswahili kitupu, yeye ambaye hunijibu Kiingereza miaka yote, “Hukuniamini.”

Nikamwambia nilimwamini, hao majaji ndio sikuwaamini.

“Hapana. Umesema toka nikiwa mtoto kwamba nina mikono ya Babu. Siku yenyewe imefika, ukaenda kuniombea.”

Akavaa koti. Nilimshika mkono nikamsihi asiende, nikamwambia hata Bibi amesema tunyamaze, hakuna aliyeona. Hilo nadhani ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba tulikuwa wawili. Akautoa mkono wake taratibu, akaenda ofisini kwa wasimamizi wa mashindano kujitaja mwenyewe.

Aliporudi alinipa habari amesimama mlangoni. Yule mzee alikuwa amedhani mimi ni mtu wa jikoni. Namba hakuishika, au amesema hakuishika, na ni nani atakayethibitisha? Kikapu alikuwa amekiacha mezani, wakamrudishia Koku ndani ya mfuko wa plastiki, na karatasi juu yake imeandikwa kumi na saba. Sheria ni sheria, wakamwambia, ametoka. Ila kwa kuwa amekuja mwenyewe, akitaka anaweza kupiga raundi ya pili mwisho wa siku, wengine wote wakimaliza, nje ya mashindano, bila alama.

“Utapiga?” nikamuuliza.

“Nitapiga. Wewe usije.”

Siku nne alinijibu ndiyo na hapana tu. Baba, umewahi kunichapa, na ulipokuwa na haki ya kunichapa ulinichapa vizuri, lakini hakuna fimbo yako iliyoniuma kama zile siku nne.

Nami nilikusudia kutii, nisiende. Lakini Bibi Dorothy akakataa kukosa. Akataka gauni lake la kijani, akataka na hereni. “Koku kakukataza wewe,” aliniambia, “hakunikataza mimi. Na mimi sina miguu.” Kumbe angesukumwa na nani? Basi nikaingia tena ukumbi ule na sare yangu, nikisukuma kiti, na mlinzi yule yule akanifungulia.

Watu wengi walikuwa wanatoka, wanavaa makoti, mashindano kwao yamekwisha kwa siku hiyo. Walibaki wachache, labda wanaojaza viti viwili vitatu vya mbele kanisani kwetu siku ya mvua. Raundi hii haina pazia. Meza ya majaji ilikuwa wazi mbele yetu, haina mtu, glasi za maji bado zimejaa nusu. Koku akatoka, akainama kwa ile meza tupu kama inavyotakiwa, akakaa.

Sijui muziki wao, unajua. Mimi ni mtoto wa kwaya tu. Lakini nilijua kwamba hakuwa akimpigia mtu yeyote amwonee huruma. Waliokuwa wamefika mlangoni na makoti yao walisimama, hawakukaa, hawakutoka. Bibi alikuwa ameushika mkono wangu kwa kucha. Na mwisho kabisa, Baba, ile sauti ya mwisho aliishikilia kama unavyofanya wewe kwenye kinanda, unapongojea kwaya imalize pumzi ndipo unyanyue vidole. Hakuna aliyemfundisha hilo huku. Nililia bila kujificha.

“Hii ingeshinda,” Bibi alisema. Baada ya muda akaongeza, “Au isingeshinda. Hatutajua kamwe.”

Hapo ndipo ninapoumia, Baba. Kushindwa kungepona. Mwanangu nimemnyima kujua.

Nina ombi moja. Jumapili ijayo, kabla ya matangazo, simama. Usiseme Koku hakufaulu, kwa kuwa si kweli. Usiseme Wazungu wamemwonea, najua watu watapenda kulisikia hilo, lakini nalo si kweli. Sema mama yake alikosea. Nitaje jina. Na kikaratasi chako usikitaje, hicho ni changu mimi na wewe. Ulichoniambia ni kwa mwalimu. Mimi ndiye niliyepeleka kikapu kwa jaji.

Msalimie Mama, umwambie kahawa yake ilikuwa nzuri na haina kosa lolote. Msalimie kaka mkubwa na shemeji, na shangazi wa bondeni ambaye najua atasema alijua tangu mwanzo. Wanakwaya wote, hasa wale sauti ya nne walioimba nje ya ufunguo kwenye ule ujumbe, waambie niliwatambua. Mchungaji mpe heshima zangu. Bibi Dorothy anawasalimu, ameniagiza niandike hivyo na anatazama kama naandika.

Nilitaka kufunga hapo, lakini ungeniuliza, na Koku je?

Tulipotoka ukumbini tulimkuta kituoni, anangoja basi lile lile. Alimwinamia Bibi, akambusu. Mimi hakunisalimu. Ndani ya basi tulifunga kiti cha Bibi mahali pake, na Koku akakaa kando yangu kwa sababu kiti kingine hakikuwepo. Tulikwenda vituo vingi. Kisha akatoa kwenye koti lake ule mfuko wa plastiki, akakitoa kikapu chako, akafungua kifuniko. Unakumbuka jinsi alivyokuwa akiitema kahawa hiyo kila tulipokuja likizo, na Mama akimcheka. Alichukua punje mbili. Moja akaitia mdomoni mwake, uso ukamkunjamana kama zamani, lakini hakuitema. Nyingine akaniwekea kiganjani.

“Sijakusamehe, Mama,” alisema, anatazama dirishani. “Tafuna.”

Nikatafuna.

Mwanao aliyekukosea na anayekupenda,
Adventina